Sekenke Haipandwi kwa Mgongo wa Rafiki

Anayetoka Igunga kwa baiskeli huiona Sekenke mapema mno. Mbuga ya Wembere ni tambarare kama sinia, na ukingo wa Iramba hukaa mbele yako muda mrefu kana kwamba hausogei wala wewe husogei. Shelui, chini ya mlima, unanunua maji, unakaza kamba za keria, unatazama malori yanayoteremka yakinuka breki. Halafu lami inaanza kuinuka.

Mlima huu nauleta hapa kwa sababu ya sentensi moja. Kila anayemaliza safari ndefu ya baiskeli akiwa Mkristo huisema: tumefika kwa neema ya Mungu na kwa upendo wa wenzetu. Mwandishi wa habari huinakili, wasikilizaji husema amina, mambo yanaishia hapo. Mimi sibishani na neema. Ila nina ugonjwa wa mafundi, nataka kujua iliingia wapi: kwenye cheni, kwenye magoti, au kwenye ratiba? Na huyo rafiki alifanya kazi gani hasa, ukiacha kupiga picha? Sekenke ni mahali pazuri pa kuuliza, maana pana tambarare ndefu, mpando mkali na mteremko wa kutisha ndani ya mwendo wa nusu siku.

Tuanze na tambarare. Upande huu wa nchi upepo mkubwa wa kiangazi hutoka kusini-mashariki. Anayetoka Dar es Salaam kupitia Dodoma na Singida anasukumwa nao. Wanaoendesha katika msafara wa Twende Butiama, ulioanza 2019 na unaolenga kufika kijijini kwa Mwalimu Nyerere kwa ajili ya kumbukumbu ya kifo chake, 14 Oktoba, wana bahati hiyo ya mwelekeo. Anayetoka Mwanza kuja Singida anaupokea upepo uleule usoni, na Wembere hakuna kichaka cha kumkinga. Hapo rafiki ni kifaa. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa sehemu kubwa ya jasho lako inakwenda kuisukuma hewa, na ukijibanza nyuma ya mwenzako, gurudumu lako likiwa nusu mita tu kutoka lake, unaokoa karibu robo ya kazi. Wanne wakipokezana mbele kila baada ya dakika tano, kila mmoja anafanya kazi ya upepo robo ya muda na kupumzika uliobaki. Ndiyo maana kundi la watu wa kawaida huvuka Wembere kwa saa ambazo mtu mmoja hodari asingeziweza peke yake.

Lakini kujibanza hivyo kunadai imani ya aina yake, si ile ya Jumapili. Wewe uliye nyuma huioni barabara. Unaona kaptula ya mtu na kiganja chake. Akikwepa shimo bila kuashiria, wewe unaliingia. Kundi lisiloaminiana huachiana mita tatu tatu, na kwa mita tatu faida ya upepo inapungua sana. Kwa hiyo marafiki wa miaka kumi wa kwaya moja, hata kama mapaja yao ni ya kawaida, huwashinda vijana wenye nguvu waliokutana juzi stendi. Wamezoea kupumua pamoja.

Sasa mlima. Chukua mtu wa kilo 70, baiskeli ya kilo 15 na mizigo ya kilo 15, jumla kilo 100. Mpe mpando wa asilimia 6, yaani kila mita 100 za barabara anapanda mita 6, na mwendo wa kilomita 8 kwa saa. Kuinua uzito huo peke yake kunadai wati 130 hivi. Hewa, kwa mwendo huo, inadai wati 3. Rafiki aliyekuwa mbele yako Wembere akikukinga kwa mgongo wake, hapa anaweza kukuokolea wati moja, labda. Mgongo wake haukusaidii kitu. Ungeweza kuwa na maaskofu kumi mbele yako na bado uzito wako ni wako.

Kwa chakula hesabu ni rahisi zaidi. Mwili wa binadamu hugeuza takriban robo tu ya nguvu ya chakula kuwa kazi ya pedali, iliyobaki inatoka kama joto. Kwa kilo zetu 100, kila mita 100 za kwenda juu hula kalori 94 hivi, ambazo ni ndizi mbivu moja. Kila kilo 10 unazoongeza kwenye keria zinaongeza sehemu ya kumi ya ndizi kwa kila mita 100. Inaonekana ndogo. Zidisha kwa vilima vya siku kumi na mbili.

Na hapa ndipo nilipobadili mawazo yangu kuhusu urafiki. Nilikuwa nikidhani mlimani haufanyi kazi. Kumbe unafanya, ila kazi yake ilimalizika asubuhi wakati wa kufunga mizigo. Msafiri wa peke yake hubeba pampu yake, spana zake, kifaa cha kukatia cheni, viraka na gundi, sufuria, hema zima. Wanne hubeba pampu moja, seti moja ya spana na sufuria moja, wakagawana hema: huyu nguzo, yule turubai. Kila mmoja anapunguza kilo kadhaa. Rafiki anayekusaidia kupanda Sekenke ni kile ambacho hakipo kwenye keria yako. Sharti lake ni gumu kuliko linavyosikika, maana aliyebeba pampu akikutangulia kilomita tano na wewe ukapata pancha, umebaki mikono mitupu. Mizigo ya pamoja inalazimisha mwendo wa pamoja. Nimeona makundi yaliyogawana vitu bila kugawana mwendo, na ugomvi wake huwa mbaya.

   

Kuna wanaosaidiana mlimani kwa kusukumana, mkono wa aliye na nguvu mgongoni mwa aliyechoka. Kifizikia ni halali kabisa: wati zinatoka mguu mmoja kwenda mwingine. Kwenye barabara hii siushauri. Watu wawili sambamba wanachukua upana ambao lori linalopanda kwa gia ya kwanza linauhitaji, na lori haliwezi kusimama halafu likaondoka tena kirahisi.

Wenyeji wana jibu lao. Baiskeli aina ya Phoenix yenye meno 48 mbele na 20 nyuma husogea zaidi ya mita tano kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Ukiipandisha kwa kilomita 8 kwa saa unazungusha mara 25 kwa dakika, na kila mzunguko ni kama kupanda ngazi umembeba mtoto. Magoti hayakubali. Ndiyo maana mkulima mwenye gunia la mkaa hushuka na kukokota, wala haoni aibu. Wageni wenye gia 27 ndio huona kukokota ni kushindwa. Kwenye mpando mkali tofauti ya mwendo kati ya anayekanyaga taabani na anayekokota kwa utulivu ni ndogo, na misuli ya kutembea ni mingine, kwa hiyo ya kuendesha inapumzika.

Kuhusu suala hilo mwalimu wangu ni Kazimierz Nowak, Mpolandi aliyeondoka kwao Novemba 1931 na baiskeli ambayo haikuwa mpya, akatoka Tripoli hadi ncha ya kusini ya Afrika, kisha akarudi hadi Algiers, alikofika Novemba 1936. Karibu kilomita 40,000. Njiani alipita Uganda, Kongo na Rwanda. Baiskeli ilipomshinda alipanda farasi, akapiga kasia mtoni, akatembea, akapanda ngamia, kisha akarudi kwenye baiskeli. Hakuna anayesema hakumaliza. Alikuwa Mkatoliki, hakuwa na mwenza wa safari, na gharama alizipata kwa kuuza makala na picha magazetini. Urafiki wake ulikuwa wa vipande: mkewe Maria aliyekuwa akiandikiwa barua, na mapadre wa vituo vya misheni waliompa kitanda na dawa ya malaria. Alifariki Oktoba 1937, hata mwaka haujatimia tangu amalize. Mwili ulikuwa umelipa kila kilomita.

Kwa Nowak naona vizuri kazi ya kwanza ya imani: ni mtandao wa vitanda. Anayepita mkoa wa Singida leo anaukuta. Walutheri walifika Iramba zamani, Kiomboi palikuwa na shule ya watoto wa wamisionari wa Augustana kutoka Marekani, na Dayosisi ya Kati ya KKKT ina makao yake Singida. Jimbo Katoliki la Singida lipo tangu 1972. Ufundi wake uko kwenye salamu. Kibao cha parokia ukikiona, ni "Tumsifu Yesu Kristo." Kibao cha usharika, ni "Bwana Yesu asifiwe." Ukikosea hufukuzwi, unacheka na wenyeji tu, lakini ukipatia mlango unafunguka nusu saa mapema, na nusu saa jioni ni tofauti ya kuoga kukiwa na mwanga. Niseme pia ukweli usioingia kwenye ushuhuda wa kanisani: maji mengi niliyojaziwa njiani yalitoka kwenye mabomba ya misikiti, na hakuna aliyeniuliza dini yangu.

Kazi ya pili ni saa. Wanaosali pamoja saa 11 alfajiri wako barabarani saa 12. Jua la katikati ya nchi halina mchezo, na saa tatu za ubaridi wa asubuhi zinafaa kuliko tano za mchana. Kundi lisilo na sala ya pamoja huondoka pale wa mwisho anapomaliza kutafuta soksi. Na Jumapili? Misuli iliyokamuliwa siku sita huhitaji takriban siku nzima ya kula na kulala ili ghala la sukari mwilini lijae tena. Makocha hulipwa kuwaambia watu hivyo. Wasabato na wenzao wa Jumapili wanabishana siku, hawabishani kupumzika.

Ya tatu ndiyo kubwa, na ndiyo ngumu kuipima: nadhiri. Chini ya Sekenke Fuso tupu linapunguza mwendo, utingo anapiga ubavu kwa kiganja, "Panda kaka, twende!" Bei inapatana. Mtu asiyeweka nadhiri huanza mjadala moyoni, na mjadala huo utarudi kila kilima, kila pancha, kila chakula kibaya. Aliyeahidi mbele ya usharika wake hana mjadala wa kufanya. Sisemi ana nguvu zaidi. Ana swali moja pungufu. Na Nowak anatukumbusha kwamba kilichoahidiwa kiwe kufika, kisiwe kukaa kwenye tandiko. Wengi wameharibu magoti kwa kuchanganya hayo mawili.

Kuna mahali imani hugeuka hatari, nako ni kuteremka. Kwa kilo zetu 100 kwenye mteremko wa asilimia 6, ukishikilia mwendo wa kilomita 20 kwa saa breki zako zinameza wati 250 hivi mfululizo, kama balbu nne za wati 60 zilizobanwa kwenye ringi. Ukienda 40, hewa inakubebea sehemu kubwa ya kazi na breki zinameza kidogo kuliko hapo, tena kwa nusu ya muda. Anayeng'ang'ania breki kwa woga kutoka juu hadi chini ndiye anayechemsha ringi hadi gundi ya kiraka inalegea. Namna yake ni kubana kwa nguvu kwa muda mfupi, nyuma na mbele, kisha kuachia ringi zipate hewa, na kusimama kabisa katikati ya mteremko hata kama hujachoka. Mwenye Phoenix ya breki za vyuma hukanyaga tairi la nyuma kwa soli ya kandambili; nililicheka hilo zamani, sicheki tena.

Mwaka fulani niliteremka pale na raba za breki nilizojua zimelika. Mwenzangu alizitazama tukiwa juu, akasema tubadilishe. Nikamjibu Mungu yupo. Tyubu ya nyuma ilipasuka kwenye kona, nikatoka na ngozi ya kiwiko tu. Alikuja, akakaa kando yangu kwenye changarawe, akatoa raba mpya mfukoni mwake. Alikuwa nazo muda wote. Hakunipa hotuba, na mpaka leo sijui kama ule ukimya ulikuwa upole au adhabu.

Turudi kwa anayepanda. Kileleni kundi hutawanyika: wa kwanza amefika zamani, wa mwisho bado anakokota. Aliyefika kwanza asishuke tena kumfuata, ni kupoteza ndizi mbili bila faida. Akae kivulini, aangalie cheni za wote, ajaze chupa. Wa mwisho akifika asiambiwe "twende" kabla hajakaa, maana yeye ndiye aliyekaa juani muda mrefu kuliko wote na ndiye aliyepumzika kidogo kuliko wote. Dakika 20 ni zake, si za kundi.

Kisha njia inalala tena kuelekea Misigiri, ule upepo wa kusini-mashariki unawapiga usoni, na mwendo unapanda hadi kilomita 18, 20. Mgongo wa rafiki unapata tena thamani yake. Mlioburudika mkae mbele mpokezane. Aliyechelewa awekwe nyuma kabisa, anywe maji, asiguse zamu ya mbele kwa kilomita 10 za kwanza, wala asiulizwe anajisikiaje.