Fremu A kando ya korongo

Fito tatu, kamba na jiwe: vyombo vyake vyote huvibeba begani. Mzee huyu wa Terrat, kusini mwa jiji la Arusha, hana pimamaji. Fito mbili ndefu amezifunga zikutane juu, ya tatu ameikatisha kati kama herufi A, na jiwe linaning'inia toka kileleni.

Kabla ya kupima shamba hukipima kwanza kipimo chenyewe. Hukisimamisha, akangoja jiwe litulie, akatia alama kamba inapogusa ufito wa kati. Kisha hukigeuza, mguu wa kushoto ukae palepale ulipokuwa wa kulia, akatia alama ya pili. Katikati ya hizo mbili ndipo penye usawa. Siku niliyomkuta, upepo ulimlazimu arudie mara tatu. Mimi ningeridhika na ya kwanza.

Ndipo hutembea: mguu mmoja umekita, mwingine unapapasa ardhi hadi kamba irudi kwenye alama. Kigingi. Anazungusha tena. Mstari unaotokea umepinda kama mteremko wenyewe, nao hupendeza zaidi kadiri unavyoutazama. Anayelima matuta yaliyonyooka kushuka korongoni huwa ameyachimbia maji barabara.

Penye vigingi huchimba mtaro, udongo akiurusha upande wa juu: fanya juu, mbinu iliyopata sifa Machakos, Kenya, na jina lake likaingia vitabu vya Kiingereza bila kutafsiriwa. Juu ya tuta hupanda mabingobingo. Wanaolalamika kwamba tuta linakula shamba hawajamwona ng'ombe wake akiyala majani hayo wakati wa kiangazi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Ni sawa, lakini tope halijui mita. Likishapata kasi shambani hupita majani ya ukingoni, likafuata mito ya Themi na Kikuletwa hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Kwa hiyo korongo lililo kando ya shamba lake linalindwa kule juu, kwenye kigingi cha kwanza.

Mvua ya masika ikikatika, mzee hupita na jembe akiyakagua matuta. Fuko ametoboa moja. Tundu ni dogo kama ngumi. Analiziba kwa bonge la udongo lenye majani, analikanyaga kwa kisigino, anasogea tuta linalofuata.