Methali Isiyo na Kitenzi

Methali ya Kijaluo *Alot michayo ema tieko kuon*, yaani mboga uidharauyo ndiyo imalizayo ugali, ina mtendaji na tendo. Neno *ema* lamtenga mtendaji huyo, kama "ndiyo" yetu ifanyavyo, na kitenzi *tieko* chatoa hukumu. Somo limekamilika ndani ya sentensi.

Takaba, mji wa wafugaji huko Mandera Magharibi ambako Kisomali husikika pamoja na Kiborana, hekima hujengwa pia kwa umbo jingine. Wasomali husema: *Nabad iyo caano, col iyo abaar.* Amani na maziwa, vita na ukame. Ni majina manne na "na" mbili. Hamna kitenzi, wakati wala sharti. Kazi ya kuunganisha imeachiwa msikilizaji.

Sauti ndizo zinazomwongoza. Kimaana, *nabad* hukabiliana na *col*, na *caano* na *abaar*. Kisauti, jozi hubadilika: *caano* na *col* huanza kwa sauti ya koo, ain ya Kiarabu, ambayo maandishi rasmi ya Kisomali ya 1972 huiandika c; *nabad* na *abaar* hushiriki mlio wa *aba*. Maziwa yamefungamana na vita, amani na ukame. Sikio linaonywa kwamba neema inapakana na maangamizi. Hata mizani inaonya: kipande cha kwanza kina silabi 6 na huishia kwa irabu, cha pili kina 5 na hufungwa kwa r.

Mtu anaweza kupinga kwamba vita havizuii mvua. Lakini koo za Garre na Degodia zilipopigana mwaka 2014 mpakani mwa Mandera na Wajir, watu walihama makwao. Mfugaji asiyeweza kufika kisimani au malishoni hupoteza mifugo hata mvua ikinyesha. *Iyo* haidai kwamba hili huleta lile. Yasema tu kwamba huja pamoja. Tukitia "huleta", tunapata dai la kubishaniwa na tunapoteza ushahidi wa maisha.

Vitabu vingi vya fasihi simulizi hupanga methali kwa mafunzo: umoja, bidii, subira. Mwalimu, kabla ya kuuliza methali inafunza nini, itamke darasani katika lugha yake, kisha uulize imejengwaje. Katika methali hii, jengo ndilo funzo.