Kipindi cha Watoto Hupimwa Runinga Ikizimwa

Mzazi akitaka kujua kama kipindi cha watoto ni kizuri, humtazama mtoto akiwa mbele ya runinga. Mtoto katulia, macho hayabanduki, chai imempoa mkononi: basi kipindi ni kizuri. Kipimo hicho kinamfaa mlezi anayetafuta nusu saa ya kupika. Anayetaka kuelewa kwa nini kipindi kimoja hugeuka homa ya nchi nzima, huku kingine chenye fedha nyingi na wachoraji hodari kikipita kimyakimya, itabidi avute subira. Runinga izimwe, watoto watoke nje, kisha asikilize wanacheza nini.

Vipindi vilivyovuma kweli vina tabia moja: vilimwachia mtoto kazi ya kumalizia mwenyewe. Jibu la kutoa, mchezo wa kuendeleza, jambo la kubishania na wenzake. Alama zinazofuata zitakusaidia kuitambua kazi hiyo, kuanzia iliyo rahisi kuonekana hadi ile inayowapiga chenga hata watayarishaji wenyewe.

Macho ni kiingilio tu

Sesame Street ilipokuwa ikiandaliwa Marekani, kabla ya kuanza kurushwa tarehe 10 Novemba 1969, mtafiti Edward Palmer alibuni njia ya kupima usikivu wa watoto. Alimweka mtoto mbele ya runinga, na kando yake akaweka picha za slaidi zilizobadilika kila baada ya sekunde saba na nusu. Kila mtoto alipoiacha runinga na kugeukia slaidi, mtafiti aliandika. Sehemu iliyopoteza macho mengi ilirudishwa kwa watayarishaji.

Majaribio ya namna hiyo ndiyo yaliyokipa kipindi sura tunayoijua. Washauri walikuwa wameonya kwamba watu wa ule mtaa wa kipindi wasichanganywe na vikaragosi, wasije watoto wakashindwa kutenganisha kweli na njozi. Lakini sehemu za majaribio zilipoonyeshwa kwa watoto mwaka 1969, macho yalihama kila mara mtaa ulipobaki na binadamu peke yao. Onyo likawekwa kando. Jim Henson, mtengenezaji wa vikaragosi, na wenzake wakaleta Big Bird, ndege mrefu wa manjano, na Oscar anayeishi kwenye pipa la taka, wakawatembeza mtaani pamoja na watu.

Siku hizi ufundi wa kunasa macho umeenea. Kampuni ya Moonbug, iliyo nyuma ya katuni ya CoCoMelon, imewahi kupima vipindi vyake kwa kuweka skrini ya pili yenye picha za shughuli za kawaida za watu wazima, ili ione ni lini mtoto anachoka na katuni. Ni hesabu ya Palmer ileile, nusu karne baadaye. Kwa hiyo usimpe mtayarishaji alama nyingi kwa sababu tu watoto wamekodoa macho. Uliza wanakodolea nini. Daniel Anderson wa Chuo Kikuu cha Massachusetts aligundua kwamba watoto wadogo hupunguza kutazama pale maneno ya kipindi yanapogeuzwa kinyumenyume au kuwekwa katika lugha wasiyoijua, ingawa picha hazijaguswa. Mtoto anatafuta maana. Simamisha kipindi katikati, muulize nini kitafuata. Akikujibu, hata kwa kukosea, anafuata hadithi. Akikutazama tu, kilichomshika ni mwendo wa picha.

Umbo linalochorwa mchangani

Alama ya pili huonekana bila sauti. Mhusika atakayevuma hutambulika kwa kivuli chake. Mpe mtoto kijiti na mchanga, umwombe amchore. Pikachu wa Pokémon anahitaji masikio mawili yaliyochongoka na mkia wa umeme. Peppa Pig, aliyeanza kuonekana Uingereza mwaka 2004, anahitaji duara lenye pua ndefu na macho mawili yaliyowekwa upande mmoja wa uso, kosa la makusudi ambalo kila mtoto wa chekechea hulifanya akichora mnyama kwa ubavu. Wahusika wanne wa kipindi cha Uingereza cha Teletubbies walitenganishwa kwa rangi ya mwili na kwa umbo la antena kichwani: pembetatu, fimbo iliyonyooka, msokoto na duara. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiyejua jina la yeyote huweza kuonyesha kwa kidole ampendaye.

Katuni ya Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, ilikuta sehemu ya kazi hiyo imekwisha kufanywa. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuwa amewaonyesha wachoraji waliomfuata kwamba mnyama mmoja akijaza ubao, akazungushiwa madoa na rangi kali, hahitaji maelezo. Ukiona katuni ambayo kila mhusika ana vifungo, mikanda na nywele zenye nyuzi elfu, ujue mchoraji ameshughulika kuwafurahisha wachoraji wenzake.

Kimya chenye kazi

Sasa fumba macho usikilize. Kipindi kibovu hakinyamazi: muziki unafuata kelele, kelele inafuata kicheko. Blue's Clues, kilichoanza Marekani mwaka 1996, kilithubutu kufanya kinyume. Mtangazaji aliuliza swali, akaitazama kamera, akanyamaza. Mtu mzima aliona aibu kwa niaba yake. Mtoto wa miaka minne aliona amepewa zamu, akapaza sauti kujibu.

Watayarishaji wa kipindi hicho, Angela Santomero akiwa mmojawapo, walipeleka kila sehemu kwa watoto zaidi ya mara moja kabla ya kuikamilisha, na Anderson alikuwa mshauri wao. Kisha wakafanya jambo ambalo wakuu wa vituo wengi wangelikataa: sehemu ileile ilirushwa siku tano mfululizo. Watoto hawakuchoka. Siku za mwanzo walikuwa wakihangaika kuelewa, siku za mwisho walijibu kabla ya kuulizwa. Teletubbies walikuwa na hila ya aina hiyo. Filamu fupi ya watoto halisi ilionekana tumboni mwa mmojawapo, ikaisha, wakaomba irudiwe, ikarudiwa yote. Magazeti ya Uingereza yalilalamika kuhusu lugha yao ya kitoto, ilhali Andrew Davenport, aliyekibuni kipindi hicho pamoja na Anne Wood, alikuwa amesomea sayansi ya usemi.

Lakini jihadhari na kimya bandia. Baada ya Blue's Clues kufaulu, waigaji wengi waliweka swali na kituo bila kufikiri: jibu tayari limeandikwa kwenye skrini, au kituo ni kifupi hata mtoto hajavuta pumzi. Kimya halali huja pale ambapo mtoto anaweza kukosea.

Hapa ndipo vipindi vingi vilivyoingizwa sauti za Kiswahili huanguka. Sentensi ya Kiswahili mara nyingi huwa na silabi nyingi kuliko ile iliyotafsiriwa, basi msomaji wa sauti hukimbia ili awahi mdomo wa katuni, na nafasi ya mtoto kujibu ndiyo inayoliwa kwanza. Katika nyimbo, mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Mpigo ukiangukia silabi ya mwisho, mtoto hataweza kukueleza kasoro, ila wimbo hatauimba akiwa peke yake. Linganisha na kazi ya Ubongo, shirika la Dar es Salaam lililoanza na Ubongo Kids mwaka 2014, kisha likaleta Akili and Me, kuhusu msichana wa miaka minne anayeishi karibu na Mlima Kilimanjaro na kusafiri ndotoni hadi nchi ya Lala. Nyimbo zake za kuhesabu zina vituo ambavyo mtoto wa Mbagala anavijaza bila kufundishwa.

Kanuni inayotoka nje

Tumefika kwenye kiini. Umbo na kimya vyaweza kuwapo, kipindi kikapendwa, na bado kisivume. Homa huanza pale kipindi kinapowapa watoto kanuni za mchezo wasiohitaji runinga.

Chukua Mighty Morphin Power Rangers, kilichoanza Marekani mwezi Agosti 1993. Kwa macho ya mhakiki kilikuwa kiraka. Mtayarishaji Haim Saban alichukua mapigano kutoka kipindi cha Kijapani cha kampuni ya Toei, akayaunganisha na maisha ya shule yaliyorekodiwa Marekani kwa waigizaji wengine. Kofia zilizoficha nyuso ndizo zilizowezesha udanganyifu huo. Kofia hizohizo zilimwezesha mtoto yeyote, wa kabila lolote, kusema kwamba aliye ndani ni yeye. Kisha kulikuwa na kanuni: mashujaa watano, rangi tano, kila mmoja na mnyama wake, adui hupigwa akiwa mdogo, hukua akawa jitu, na jitu haliangushwi mpaka mashine zote tano ziungane kuwa moja. Mchezo wa wanne haukamiliki, sharti aitwe wa tano. Watoto wakaanza kugombania rangi kabla hata ya kuamua nani adui.

Pokémon ilikwenda mbali zaidi. Ilianza kama mchezo wa kompyuta ya mkononi nchini Japani mwezi Februari 1996, katuni ikafuata Aprili 1997. Kulikuwa na viumbe 151, lakini mchezo uliuzwa katika matoleo mawili, na hakuna toleo lililokuwa na viumbe vyote. Aliyetaka kukamilisha alilazimika kubadilishana na mwenzake. Maji hushinda moto, moto hushinda majani, majani hunyonya maji: mtoto wa miaka saba anaweza kusimamia hoja hiyo mchana kutwa. Katuni ilivipa viumbe hivyo sauti na tabia, kadi zikavipa mahali mfukoni. Kufikia mwaka 1999 shule nyingi za Marekani zilikuwa zimepiga marufuku kadi hizo, na marufuku ya mwalimu ni tangazo zuri kuliko lolote linaloweza kununuliwa.

Ukidhani kanuni lazima iwe ya vita, tazama Bluey, kilichotengenezwa Brisbane, Australia, na kuanza kurushwa mwaka 2018. Mbunifu wake, Joe Brumm, hakuweka adui wala nguvu za ajabu. Karibu kila sehemu, yenye dakika saba hivi, hubeba mchezo mmoja ambao watoto wanaweza kuucheza jioni hiyohiyo: puto lisiguse sakafu, au watoto wawili wajifunike shuka wajifanye mabibi. Ni daraja moja na rede na kombolela: sheria mbili tatu, hakuna cha kununua.

Nani anashika rimoti

Umri wa mtazamaji hubadilisha hesabu. Kwa walio chini ya miaka mitano, mtu mzima ndiye mwenye rimoti na mwenye pochi, kwa hiyo kipindi kisichovumilika kwake hakifiki mbali. Sesame Street ililijua hilo ikawaalika wanamuziki na waigizaji wanaopendwa na wazazi. Bluey huwaweka baba na mama ndani ya mchezo, wamechoka na bado wanacheza, na huenda ndiyo maana mwaka 2024 Wamarekani walikitazama mtandaoni kwa zaidi ya dakika bilioni 55. Watoto wachanga peke yao hawafikishi idadi hiyo.

Kwa wenye miaka sita hadi kumi, mambo hupinduka. Hao wanataka elimu ambayo mzazi hana. Mtoto anayekariri majina 151 mbele ya baba asiyejua hata matatu amepata cheo nyumbani. Mtayarishaji anayewaandikia wa umri huo kisha akamwekea mzazi maelezo ya kila kitu, amewanyang'anya watoto cheo chao. Kwa hiyo usilaumu kipindi cha rika hilo kwa sababu hukielewi. Hilo laweza kuwa ndilo lililokusudiwa.

Mdoli alitangulia?

Watu hupenda kusema kwamba homa hizi ni hila ya wauza vidoli. Upo ukweli. He-Man alianza kama mdoli wa kampuni ya Mattel mwaka 1982, katuni ikaja mwaka uliofuata, na miaka hiyo Marekani ililegeza masharti yaliyozuia vipindi vya aina hiyo, vikafurika. Wengi wa wahusika wa wakati ule hakuna anayewakumbuka, ingawa walikuwa na kiwanda nyuma yao.

Sasa tazama upande wa pili. Vidoli vya Power Rangers viliadimika Krismasi ya mwaka 1993, na vya Teletubbies viliadimika Uingereza Krismasi ya mwaka 1997, kwa sababu wafanyabiashara hawakutarajia kiu ile. Uhaba huchochea moto uliokwisha kuwaka. Kwa hiyo, ukipima kipindi, kiondolee vidoli, mabegi na chupa za maji, kisha uulize: mtoto asiye na shilingi anaweza kuingia katika mchezo huu? Kama jibu ni hapana, unatazama tangazo refu.

Kuvuma na kudumu

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu, na vipindi vingi vimewapa haki. Lakini Sesame Street imepita nusu karne, na Pokémon ina viumbe zaidi ya elfu moja sasa, ikichezwa na watoto wa wale waliofungiwa kadi shuleni. Vilivyodumu viliacha kanuni zake wazi, kikosi kipya cha watoto kikiingia kikute nafasi ya kuongeza chake.

Kwa hiyo kipimo cha mwisho ndicho kigumu na ndicho cha haki. Tazama sehemu moja ukiwa umezima sauti, nyingine ukiwa umefumba macho, kisha kaa siku mbili tatu ukisikiliza watoto wa mtaa. Wakirudia maneno ya katuni jinsi yalivyo, mtayarishaji amepata watazamaji, na mwakani watapata kingine cha kurudia. Wakiongeza shujaa wa sita, wakampa rangi isiyokuwapo, wakabadili sheria ili mdogo wao wa miaka mitatu naye acheze, basi mpe alama zote.