Waliombeba Gonsalves

Usiku wa Jumamosi, tarehe 7 Julai 1956, mjini Newport katika jimbo la Rhode Island, Marekani, Paul Gonsalves alisogea mbele ya bendi ya Duke Ellington akapuliza saksafoni duru 27 mfululizo bila kupokewa na mtu. Duru moja ya bluzi ina vipimo 12, na kila kipimo kina mapigo manne. Piga hesabu utapata mapigo 1,296. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na kila msimulizi humwinua Gonsalves. Ni haki yake. Lakini hayo mapigo 1,296 yalikuwa na wenyewe, na hao ndio ninaotaka kuwasifu hapa.

Kwenye drams alikuwa Sam Woodyard, na kwenye besi Jimmy Woode. Wote wawili walikuwa wageni katika bendi ile. Waliingia mwaka 1955, wakati mbaya kuliko nyakati zote za Ellington. Bendi kubwa zilikuwa zimevunjika moja baada ya nyingine tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe, na yeye aliendelea kuing'ang'ania yake. Kiangazi cha 1955 bendi hiyo ilikuwa ikisindikiza onyesho la waogeleaji huko Flushing, New York. Fikiria mtunzi wa hadhi ile akipigia muziki watu wanaopiga mbizi.

Tamasha la jazi la Newport lilikuwa bado changa. George Wein alilianzisha mwaka 1954 kwa msaada wa Elaine na Louis Lorillard, wakazi matajiri wa mji ule wa pwani. Usiku huo Ellington alifungua kwa nyimbo chache huku baadhi ya wapigaji wake hawajafika, kisha akawapisha wengine akangoja. Aliporudi jukwaani saa sita ya usiku ilikuwa inakaribia, na watu walikwishaanza kutafuta njia ya kwenda nyumbani. Wakapiga kazi mpya aliyoitunga pamoja na Billy Strayhorn kwa ajili ya tamasha hilo. Ikapokewa kwa adabu. Ndipo akaagiza kitu cha zamani, cha mwaka 1937, chenye sehemu mbili, “Diminuendo in Blue” na “Crescendo in Blue”, na pengo la katikati akampa Gonsalves alijaze kwa muda atakaopenda. Waliwahi kulijaribu jambo hilo katika klabu ya Birdland, New York, mwaka 1951, kwa hiyo halikuwa geni kwa mpulizaji. Kwa Woodyard na Woode, waliokuja baadaye, usiku ule ulikuwa mtihani wa aina yake.

Mikono huchoka, ndiyo, lakini mikono ni jambo dogo. Kinachomjaribu mpiga drams ni hamu. Mwenzake anapanda, umati unaanza kupiga kelele, na kila mshipa wa mwili unamshawishi aongeze mwendo kidogo, aongeze fimbo, amjibu mpulizaji kila anapotamka. Akikubali katika duru ya sita, akifika ya kumi hana tena pa kwenda, na aliye mbele yake anabaki akipiga kelele tupu. Woodyard hakukubali. Alichagua pigo la pili na la nne, akayakandamiza, akakaa papo hapo. Sikiliza rekodi ya usiku ule uone jinsi joto linavyopanda ilhali mwendo haukimbii. Anaongeza uzito kwa kipimo cha chumvi: kidogo, halafu anangoja aone imekolea, halafu kidogo tena. Mtu akisikiliza juujuu atadhani anarudia jambo lile lile. Ukitulia utagundua kwamba duru ya ishirini si ya tano kabisa, ingawa huwezi kuonyesha kidole mahali ilipogeuka.

Woode naye anatembea. Noti nne kwa kila kipimo, hakuna pumziko, hakuna mapambo. Besi yake ilikuwa ile ya kusimama, ya mbao, na sauti yake ilitoka kwenye ncha za vidole. Noti za mpiga besi zina kazi mbili kwa wakati mmoja: kumwambia mpulizaji yuko wapi sasa, na kumwandalia mahali atakapokanyaga baada ya hapo. Akikosea ya kwanza, mpulizaji anapotea. Akikosea ya pili, anajikwaa. Gonsalves hakupotea wala hakujikwaa mara 27. Sisi tunaosikiliza humsifu yeye kwa hilo, na ni sawa, ila kila alipotua alikuta tayari pametandikwa.

Ellington mwenyewe alikuwa kwenye piano, na hapa unamwona kiongozi anayejua. Anatupia machache, kisha anapisha. Sauti za bendi zinasikika zikimhimiza Gonsalves, kama wafanyavyo wapenzi wa taarabu mwimbaji anapowagusa. Kinanda kingetaka kueleza kila kitu, pengo lile lisingekuwa na hewa.

Kisha kuna Jo Jones. Mpiga drams huyu, aliyeijenga midundo ya bendi ya Count Basie, alikuwa amekwisha kupiga mapema usiku ule na kikundi kingine. Kazi yake ilikuwa imeisha. Badala ya kwenda kupumzika akasimama pembeni, chini ya jukwaa, mkononi ana gazeti alilolikunja, akaanza kulipigia ukingo wa jukwaa kwa mdundo. George Avakian, aliyesimamia kurekodi, aliandika baadaye kwamba bendi iliuchukua moto kwake. Ninalipenda gazeti lile kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki. Bingwa aliyeheshimiwa na kila mpiga drams mahali pale hakuomba fimbo wala kiti. Alisikia wenzake wamefika mahali fulani, akajua wanahitaji kushikwa mkono, akawashika kwa alichokuwa nacho. Gonsalves naye alikuwa amepitia bendi ya Basie, kwa hiyo mdundo ule haukuwa mgeni masikioni mwake.

Nadhani hata Gonsalves tunamwelewa vizuri zaidi tukimtazama kwa upande huu. Wazazi wake walikuwa watu wa visiwa vya Cape Verde, na ala aliyoanza nayo utotoni ni gitaa. Katika zile duru 27 hajionyeshi. Anashika kifungu kifupi, anakirudia, anakipindua, anakiacha, na mara nyingi anapuliza kama mtu anayesukuma mdundo pamoja na wenzake kuliko mtu anayeelea juu yao. Ndiyo maana watu waliinuka kucheza. Mwanamke mmoja aliyevaa nguo nyeusi alianza, na wengine kati ya takriban watu 7,000 waliokuwapo wakapanda juu ya viti, wakajaa kwenye vijia. Saksafoni peke yake humfanya mtu asikilize. Kilichowainua pale ni miguu ya Woode na mkono wa Woodyard.

Sisi tuliokua na muziki wa dansi tungepaswa kulijua hili kuliko watu wengi. Mwulize shabiki wa zamani habari za Morogoro Jazz, atakutajia Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake la solo kabla hujamaliza swali. Mwulize nani alishika rithimu, nani alishika besi, wimbo ulipochanganya na ukumbi mzima ukawa umesimama. Wengi watanyamaza. Na bado ni wale wasiotajwa waliofanya iwezekane solo lile kuning'inia hewani bila kuanguka.

Kuna ajali moja ya kiufundi ambayo kwangu mimi ilifanya haki bila kukusudia. Gonsalves alipulizia kipaza sauti cha redio ya Sauti ya Amerika, akakiacha kile cha kampuni ya Columbia iliyokuwa ikirekodi sahani. Kwa hiyo katika sahani iliyotoka mwaka 1956 saksafoni inasikika kwa mbali, na kwa zaidi ya miaka 40 wasikilizaji walilazimika kuufuata usiku ule kwa kushika drams, besi na makelele ya watu. Mwaka 1999 rekodi ya redio iliunganishwa na ile ya Columbia, na Gonsalves akasogea mbele alipostahili kuwa. Nafurahi kwamba tunamsikia. Ila sahani ya kwanza siitupi, kwa sababu ndani yake waliobeba ndio walio karibu na sikio.

Mwezi uliofuata picha ya Ellington ilikuwa kwenye jalada la gazeti la Time, na tangu hapo alipenda kusema kwamba alizaliwa Newport mwaka 1956. Gonsalves aliendelea kudaiwa solo refu kila alikokwenda, hadi alipofariki London Mei 1974, siku chache kabla ya Ellington mwenyewe. Woode alihamia Ulaya. Woodyard alibaki na bendi miaka kumi hivi, naye akamalizia maisha yake Paris, mwaka 1988.

Usiku wenyewe haukuishia na saksafoni. Wein aliogopa ghasia akataka muziki usimamishwe. Ellington akaona kuwakatisha watu vile ndiko kungeleta ghasia, akaendelea, akamtoa mpiga saksafoni wake mwingine, Johnny Hodges, kuwatuliza kwa wimbo wa taratibu. Karibu na mwisho akaagiza “Skin Deep”, kazi ya Louie Bellson, ambamo bendi hunyamaza na mpiga drams huachiwa uwanja wote. Woodyard alipiga vizuri, na umati ulimshangilia kama ulivyomshangilia Gonsalves. Alistahili. Mimi nikitaka kumsikia Woodyard hasa, hurudi nyuma kwenye zile duru za kumi na nane, kumi na tisa, ishirini, anapokandamiza pigo la pili na la nne na kukataa katakata kukimbia.