Kuku wa Kulalia Hauzwi

Kuku anayetaka kulalia hana siri. Hang'oki kiotani, ukimsogelea anavimba, manyoya yanamsimama na anatoa mlio wa ukali kutoka kifuani. Wengi wetu tukimkuta hivyo tunamwachia mayai yake na kuondoka. Bibi mfugaji wa kijiji cha Msowero ana mpango mwingine: anampa mayai mawili ya zamani, yasiyo na faida, ayakalie kwanza.

Anamsubirisha. Anataka kuku wa pili, na akibahatika wa tatu, naye aingiwe na hamu hiyo hiyo. Huku nyuma mayai mazuri yanakusanywa kwenye pumba, ncha iliyochongoka chini, tarehe imeandikwa kwa mkaa kwenye ganda. Lililozidi wiki mbili linakwenda jikoni. Na huyo anayesubirishwa haachwi hivi hivi, maana kuku akishika kiota husahau hata tumbo lake. Kila siku anainuliwa ale, anywe, ajipake vumbi, arudi. Kiota nacho kimenyunyiziwa majivu, kwani utitiri ukiingia humfukuza hata mama mwenye moyo.

Siku wote wakiwa tayari, giza likishaingia, ndipo kazi yenyewe inafanyika. Tazama mkono. Yai limefichwa ndani ya kiganja, mgongo wa mkono uko juu, ili kuku akidonoa adonoe ngozi ya bibi na si ganda. Mkono unaingia kwa ubavuni, taratibu, unaacha yai jipya na kutoka na la zamani. Kumi na mawili hivi kwa kuku mwenye mwili, pungufu kwa mdogo. Hakuna anayepiga kelele. Mchana kazi hiyo hiyo ingezua vurugu banda zima.

Baada ya wiki moja tochi inatoka. Yai linashikwa mbele ya mwanga: lenye uhai linaonyesha mishipa imetawanyika kama miguu ya buibui, lisilo na kitu linang'aa tupu na linaondolewa. Siku ya 21, vifaranga wa kuku wote wanatoka kwa pamoja. Usiku huo huo wanahamishiwa kwa mlezi mmoja mtulivu. Wengine wanapumzishwa na baada ya wiki chache wanarudi kutaga. Bibi akiwa na mayai ya bata, yanayochukua siku 28, anayatanguliza kwa wiki nzima ili yaanguliwe pamoja na ya kuku. Hesabu hii yote iko kichwani, na sijui kwa nini tunaiita "ufugaji wa kienyeji" kwa sauti ya kudharau.

Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe Julai 1960 na kufariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, alisimulia maisha yake yote kwamba utafiti wake wa kwanza aliufanya ndani ya banda la kuku. Alikuwa mtoto wa miaka minne tu Uingereza, akajificha humo kwa saa kadhaa ili aone yai linatokea wapi. Dunia ilimheshimu kwa subira hiyo, na alistahili. Bibi zetu wanayo hiyo hiyo, ila wao hawana daftari.

Wala si watumwa wa mazoea. Kideri, ugonjwa wa kuku, hakina tiba. Kikiingia kijijini kinaweza kumaliza banda kwa siku chache, na mwarobaini hausaidii kitu. Kwa hiyo wanaojua kazi hukusanya kuku wao pamoja na wa majirani ili wachanjwe, kwa kuwa chupa moja ya chanjo inatosha kuku wengi na ikishafunguliwa haingoji. Tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Kuku anashikwa chini ya kwapa, anasubiriwa apepese jicho, ndipo anaachiwa.

Je, uangalizi wote huo ni upendo? Kuku hawa wanachinjwa, wanauzwa, wanalipia sare za wajukuu. Lakini mpeleke mchuuzi mwenye tenga lake hadi uani, aulizie yule mtetea mwenye kishingo aliyelala kwenye kivuli cha ghala. Ataongeza bei, ataongeza tena. Bibi atamwambia huyo ni mlezi, hauzwi, kisha atamwonyesha jogoo mmoja mgomvi anayesumbua majirani alfajiri, ambaye mchuuzi anaweza kumchukua leo hii hii, na bei wataelewana.