Namba Kubwa Kwenye Ukurasa wa Maktaba

Fungua tovuti ya maktaba ya chuo chako, nenda pale palipoandikwa "Rasilimali za Kielektroniki". Kuna uwezekano mkubwa utakutana na safu ya nembo, JSTOR, Emerald, Taylor & Francis, Research4Life, AJOL na nyingine, na juu yake sentensi moja inayotamba kwamba maktaba ina maelfu ya majarida na vitabu mtandaoni. Ukurasa unapendeza. Ila kazi yetu huku ni kudadisi, kwa hiyo leo hebu tuuhakiki kama tunavyohakiki kitabu. Unasema nini? Umemwandikia nani? Na kile usichokisema ni kipi?

Swali la pili nalijibu mapema: hukuandikiwa wewe unayetafuta makala saa nne usiku. Iliandikiwa ripoti ya mwaka.

Tuanze na hiyo namba. Kwenye jengo, namba inashikika. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa Novemba 2018, ilielezwa kuwa na nafasi ya vitabu 800,000 na watu 6,000 kwa wakati mmoja. Rafu unaweza kuzihesabu, viti unaweza kuvikalia. Na kitabu kikishanunuliwa ni mali ya chuo. Mchapishaji afilisike, apandishe bei mara tatu, kitabu kipo palepale kinakusubiri wewe au vumbi.

Jarida la mtandaoni haliko hivyo. Kwa kawaida chuo hakijanunua jarida, kimepewa ruhusa ya kulisoma kwa muda fulani na kwa masharti fulani. Ni nyumba ya kupanga. Kama mkataba haukuweka kipengele cha kuendelea kusoma matoleo yaliyokwisha kulipiwa, siku malipo yakikatika hata yale ya miaka ya nyuma yanaweza kuondoka. Sasa kwenye ukurasa wetu vitu vya kupanga, vya kupewa na vya bure kabisa vimejumlishwa kwenye kapu moja na kuitwa "tunavyo".

Vya kupewa ni vingi kuliko unavyodhani. Research4Life ilianza na Hinari mwaka 2002, mpango wa Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa, halafu ikaja AGORA ya kilimo mwaka 2003, na nyingine za mazingira, teknolojia na sheria zikafuata. Nchi zimegawanywa makundi mawili: kundi A hupata bure, kundi B hulipa kiasi kidogo. Tanzania, ikiwa kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, imo kundi A. Ni msaada mkubwa, na waliousuka wanastahili shukrani. Lakini ona ulivyokaa: vigezo vyake vinatazama umaskini wa nchi, na orodha ya majarida inategemea mchapishaji ameamua nini. Januari 2011 wachapishaji kadhaa, Elsevier na Springer wakiwemo, waliondoa majarida zaidi ya 2,500 kwenye Hinari kwa taasisi za Bangladesh. Madaktari na watafiti waliamka wakakuta milango imefungwa. Kelele zilipopigwa, yakarudishwa. Yaani mkusanyo mzima ulitoweka na kurudi bila mkutubi hata mmoja wa Bangladesh kugusa chochote.

Kwa hiyo ukisoma "tunavyo", uliza: kwa hisani ya nani, na mpaka lini?

Namba hiyo ina tatizo jingine la kuchosha kidogo, ila vumilia, maana kero zako nyingi zinatokea hapa. Majarida hayauzwi moja moja, yanauzwa kwa mafurushi. Jarida moja linaweza kuwemo kwenye mafurushi matatu, kila furushi na miaka yake. JSTOR, kwa mfano, majarida yake mengi yana kile wanachokiita ukuta unaosogea: matoleo ya miaka mitatu hadi mitano ya karibuni hayamo, na kila mwaka ukuta unasogea mbele mwaka mmoja. Kwa mwanahistoria hilo si neno. Kwa mwanafunzi wa famasia ni sawa na kutokuwa nalo. Ila kwenye ile namba kubwa, jarida lililoishia miaka mitano nyuma linahesabiwa moja, sawa na lililo kamili.

Kusimamia rasilimali hizi, kwa maana halisi ya neno kusimamia, ni kuweka jedwali la kila jarida: limo furushi gani, kuanzia mwaka gani hadi mwaka gani, kwa leseni inayoruhusu nini, linaisha lini. Mtambo wa maktaba unaokupeleka kutoka kwenye jina la makala mpaka kwenye makala yenyewe unasoma jedwali hilo. Likiwa na kosa, unabofya na kutua ukurasa wa "lipa dola 40". Makala yenyewe pengine chuo kinayo kupitia furushi jingine, lakini wewe umeshakata tamaa na kufunga.

Visingizio vya gharama hapa havina nguvu sana. CORAL, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Notre Dame kule Marekani, ni programu huria ya kazi hii hii. Koha, ambayo maktaba nyingi za Afrika Mashariki tayari zinaitumia kuazimisha vitabu, iliongezewa sehemu ya kusimamia rasilimali za kielektroniki kuanzia toleo la 22.11, mwishoni mwa 2022. Kinachokosekana ni mtu. Mkutubi mmoja anayepewa kazi hiyo peke yake, asiyekaa pia dirishani kugonga mihuri na kufundisha mwaka wa kwanza kutumia Turnitin. Lawama ya namba kubwa simtupii yeye. Anaandika kile wakubwa wanachomuuliza.

Halafu kuna mlango wenyewe. Wachapishaji wengi wanakutambua kwa anwani ya IP: ukiwa kwenye mtandao wa chuo wewe ni mwanachuo, ukishuka Mbagala na bando lako wewe ni mpita njia. Dawa yake ni ya zamani. EZproxy, programu inayokupitisha kwenye seva ya chuo ili mchapishaji akuone kama uko chuoni, ilianza mwaka 1999. Zipo pia njia za kuingia kwa akaunti yako ya chuo, na mitandao ya elimu kama TERNET, KENET na RENU ipo kuzisaidia taasisi kwenye mambo kama haya. Chuo kinacholipia majarida halafu kinaacha mlango ufanye kazi getini tu kimelipia daladala inayozunguka ndani ya stendi.

Najua unachotaka kusema. Si kuna Sci-Hub? Ndiyo, tangu 2011, na sote tunajua inavyotumika mabwenini. Uharamu wake nawaachia wanasheria. Linalonihusu hapa ni linalotokea kwenye hesabu. Tangu 2003 kuna kanuni ya kimataifa iitwayo COUNTER inayowataka wachapishaji wahesabu matumizi kwa namna moja, ili maktaba ilinganishe: jarida hili lilifunguliwa mara ngapi, tumelilipia shilingi ngapi, kila kufungua kumetugharimu kiasi gani. Makala uliyoipata kwa mlango wa uani haionekani kwenye hesabu hiyo. Jarida unalolitegemea linasomeka kama jarida lisilosomwa, na bajeti ikibana ndilo linalokatwa. Na huko uani nako, tangu kesi iliyofunguliwa India mwishoni mwa 2020, makala mpya zimekuwa haba. Kwa hiyo usitegemee.

Ripoti za COUNTER zina safu moja ninayoipenda kuliko zote: ya walionyimwa. Inaonyesha mara ngapi watu wa chuo walijaribu kufungua kitu kisichomo kwenye leseni, au walizuiwa kwa sababu wasomaji wanaoruhusiwa kwa wakati mmoja walishajaa. Hiyo ndiyo ramani ya njaa ya chuo. Mimi ningeiweka juu kabisa ya ukurasa badala ya nembo.

Ukifika kwenye kutafuta kwa Kiswahili, mambo ni mabaya zaidi, na hapa sioni hata mtu analalamika. Mitambo ya kutafutia imelelewa na Kiingereza, lugha ambayo neno hubadilika mkiani: teach, teacher, teaching. Ndiyo maana unaweza kuandika mwanzo wa neno, ukaweka kinyota mwishoni, ikakuletea yote. Kiswahili hubadilika kichwani. Mwalimu, walimu, ualimu. Kitabu, vitabu. Ukiandika "mwalimu" mtambo haujui kwamba "walimu" ni ndugu yake, na hifadhidata nyingi hazikubali kinyota mbele ya neno. Mtu anatafuta makala za jarida la Kiswahili au Mulika, anapata tatu, anaandika kwenye tasnifu kwamba "tafiti ni chache". Kumbe zipo upande wa wingi. Mpaka mtambo ubadilike, andika umoja na wingi ukitenganisha na OR: mwalimu OR walimu OR ualimu. Mstari huo mmoja wa maelekezo ungefaa zaidi kuliko nusu ya zile nembo.

Nimeacha mwisho mkusanyo ambao hatupangi wala hatupewi: tasnifu zetu wenyewe. Vyuo vingi vinaziweka kwenye hazina ya kidijitali, mara nyingi kwa DSpace, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2002 na MIT pamoja na kampuni ya HP. Hapa hakuna mchapishaji wa ng'ambo wa kumlaumu. Bado utakuta tasnifu imewekwa ikisiri tu, au imeskaniwa kama picha kiasi kwamba neno lililo ndani halitafutiki, au kiungo kimekufa tangu seva ilipohamishwa. Anayechunguza mwani wa Paje au dagaa wa Ziwa Victoria anasoma makala ya mtu wa mbali aliyekaa wiki tatu, wakati kazi ya miaka miwili iliyofanywa na mwenzake imefungiwa kwenye kompyuta ya chuo kilekile. Na mara nyingine nakala ya kidijitali ni hiyo hiyo moja. Kule Stanford walianzisha LOCKSS mwaka 1999 kwa wazo ambalo hata bibi yangu angelikubali: kitu kikiwa na nakala nyingi mahali pengi, hakipotei. Vyuo vitatu vikikubaliana kutunziana tasnifu, hakuna leseni ya kuomba kwa mgeni. Ni idhini za waandishi na makubaliano yao wenyewe.

Wiki hii ukigonga ukuta, usifunge tu. Mwandikie mkutubi jina la makala, mwaka, ulikuwa wapi, na skrini ilikuambia nini. Na kama wewe ni kiongozi wa wanafunzi au mjumbe wa kamati ya maktaba, acha kuuliza tuna majarida mangapi. Uliza mwaka jana tulinyimwa mara ngapi, na kwenye majarida gani. Kwa wachapishaji wanaofuata COUNTER ripoti hiyo tayari ipo, na kuipakua hakuna malipo.