Sifa za Uzuri wa Mwanamke katika Riwaya za Indonesia

Mwaka 2004 Habiburrahman El Shirazy, mhitimu wa Al-Azhar, alitoa riwaya ya Ayat-Ayat Cinta, yaani Aya za Mapenzi, ambayo mwaka 2008 ilifanywa filamu. Wengi waliipokea kama mfano wa riwaya ya Kiislamu. Fahri, mwanafunzi wa Kiindonesia mjini Cairo, anachunga mipaka ya dini na anaoa kwa njia ya sheria. Hatuna ugomvi na nia hiyo. Tunachohoji ni mwendo wa kalamu inapofika kwenye uso wa mwanamke.

Aisha anavaa niqabu tangu tunapokutana naye. Siku ya posa anafunua uso mbele ya Fahri. Kifiqhi hapana tatizo, kwani Mtume (S.A.W.) alimwamuru Al-Mughira bin Shu'ba amtazame mwanamke aliyemposa, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Indonesia kama ilivyo pwani yetu, mposaji hutazama uso na viganja. Lakini ruhusa hiyo ni ya mposaji. Msomaji hakuposa! Mwandishi anamketisha kando ya Fahri na kumfunulia naye, sifa juu ya sifa, na niqabu inageuka kuwa pazia la mchezo. Imepokewa kwa Ibn Mas'ud (R.A.) kwamba Mtume alikataza mwanamke asimsifie mumewe mwanamke mwenzake hata akawa kana kwamba anamwona.

Itasemwa kuwa Aisha ni mtu wa kubuni. Ni kweli, na hoja hiyo ina nguvu. Imam Nawawi katika Minhaj ameruhusu mashairi ila yenye kukashifu, yenye uchafu, au yenye kumgusia mwanamke maalumu. Na Ka'b bin Zuhayr alimtaja Su'ad mbele ya Mtume mwenyewe. Kwa hiyo hatusemi ni haramu. Tunasema ni udhaifu wa adabu na wa sanaa pia. Kisa cha Fahri, anayesingiziwa na Noura na kufungwa, kimefuata nyayo za Nabii Yusuf (A.S.). Basi tuitazame Sura hiyo: uzuri wa Yusuf tunaujua kwa visu vilivyokata mikono ya wanawake. Macho yake na nywele zake hazikuelezwa.

Hamka, aliyekuwa mwanachuoni na mfasiri wa Qur'ani, alilifahamu jambo hili vizuri zaidi. Katika Tenggelamnya Kapal van der Wijck (1938), Hayati anakwenda kwenye mashindano ya farasi Padang Panjang akiwa amevaa nguo nyepesi za mtindo mpya alizoshawishiwa na rafiki yake. Zainuddin anamwona na moyo unamvunjika. Uzuri pale una gharama, na tunaiona gharama hiyo katika uso wa yule anayetazama.

La ajabu ni kwamba Eka Kurniawan, ambaye riwaya yake Cantik Itu Luka (2002) ina machafu mengi tusiyoweza kuyapendekeza, anautilia uzuri shaka kuliko El Shirazy. Dewi Ayu wake, aliyelazimishwa ukahaba na Wajapani, anaomba mtoto wake wa nne azaliwe na sura mbaya.

Kuna jambo jingine linalotusumbua zaidi. Annelies wa Pramoedya Ananta Toer katika Bumi Manusia (1980) ana damu ya Kiholanzi. Dewi Ayu vilevile. Aisha ana asili ya Ujerumani na Uturuki. Pramoedya alikusudia, kwani mada yake ni ukoloni wenyewe: mahakama ya Waholanzi inaikataa ndoa ya Kiislamu ya Annelies na kumpeleka Ulaya. El Shirazy hana udhuru huo. Katika riwaya yake yumo Nurul, Mwindonesia, binti wa kyai, msomi wa Al-Azhar, na anampenda Fahri. Habari za mapenzi yake zinafika Fahri akiwa amekwisha kumkubali Aisha, na mwandishi haoni haja ya kukaa naye muda mrefu.